Siku ya maonesho ya ajira ndiyo siku ya mzigo dukani kwa mjomba

Shikamoo mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 25, naishi Mbagala, Dar es Salaam. Mwaka jana nilimaliza shahada ya ununuzi na ugavi kwa GPA ya 3.1. Mwaka wa pili nilipata supu mbili (mitihani ya marudio), na tangu hapo sikuweza kuipandisha.

Wiki mbili na nusu zijazo kuna maonesho ya ajira kwenye ukumbi mmoja kule Mlimani. Waajiri 38 wametangazwa. Mwaka jana nilikwenda. Nilichapa CV 40 zenye kurasa tatu kila moja, shilingi 200 kwa ukurasa, jumla 24,000. Kila banda nilisalimia, nikasema naomba kuacha CV yangu, nikaenda la pili. Kufika saa saba mchana zote zilikuwa zimekwisha. Wapo waliopokea kwa tabasamu, wapo walioniambia niingie kwenye tovuti yao. Nilirudi nyumbani na kalamu sita, mifuko miwili ya kitambaa na chupa ya maji. Mpaka leo hakuna aliyenipigia simu.

Shida yangu hasa ni mjomba. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, na yeye ndiye aliyenisomesha. Mkopo wa bodi ulifika nusu ya ada, nusu ikatoka kwenye duka lake la vifaa vya ujenzi. Tangu mwaka wa kwanza nimekuwa nikimsaidia mwisho wa wiki na likizo, na sasa niko naye kila siku. Ananipa 250,000 kwa mwezi pamoja na chakula cha mchana. Alhamisi ndiyo siku ya mzigo: lori la simenti huingia na mifuko 600, na mimi ndiye nahesabu. Kabla yangu alikuwa akipoteza mifuko tisa mpaka kumi kila mwezi. Nikaanzisha daftari la safu tatu, siku hizi ikipungua sana ni miwili. Pia nilimsajilia duka kwenye NeST, mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni, tukapata zabuni mbili za kupeleka simenti na nondo shuleni.

Maonesho yameangukia Alhamisi. Tena wiki iliyopita mjomba alinieleza kwamba anafungua tawi Chamazi na anataka nilisimamie. Alisema akiwa na furaha, mbele ya mama. Nikiomba ruhusa ya kwenda kutafuta ajira, itakuwa kama kumwambia duka lake halinitoshi. Rafiki yangu ananishauri niseme naumwa.

Mama naye anataka kukopa 120,000 kwenye kikoba chao anishonee suti, maana anaamini mwaka jana niliangushwa na mavazi. Kwenye CV nimeandika wiki nane za fildi, yaani mafunzo kwa vitendo ya chuo, kwenye ofisi ya umma, ambako kazi kubwa ilikuwa kupanga mafaili. Duka sijaliandika kwa sababu si kazi ya kisomi.

Niende au nibaki? Na nikienda, nitafanya nini ili nisirudi tena na kalamu?

Binti wa Mbagala

*

Marahaba, binti.

Barua yako imefunga mambo mawili kwa kamba moja. Lipo la siku moja: Alhamisi, lori, ukumbi wa Mlimani. Lipo na la miaka: tawi la Chamazi, ajira, na deni la shukrani kwa mtu aliyekushika mkono ulipofiwa. Hilo la pili siwezi kukuamulia. Tuanze na lile la siku, maana lina kazi za kufanya kuanzia leo usiku.

Lakini kwanza turudi kwenye sentensi uliyoipita mbio, ile ya NeST. Mfumo huo ulianza kutumika mwaka 2023 kuchukua nafasi ya mfumo wa awali, TANePS, na Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka huohuo imeuweka katikati ya manunuzi yote ya serikali. Wahitimu wengi wa fani yako wameusoma kwa upande wa mnunuzi. Wewe umeushika kwa upande wa mzabuni: umesajili, umejaza bei, umeshinda, mzigo umefika shuleni. Hayo umeyaacha nje ya CV, ukabakiza wiki nane za kupanga mafaili.

Unasema duka si kazi ya kisomi. Hebu nikuulize: pale chuoni, walipofundisha udhibiti wa stoo, walifundisha kitu gani ambacho hukifanyi kila Alhamisi? Mifuko 600 ya kilo 50 ni tani 30. Kuzipokea kwa kulinganisha na hati ya msambazaji, kutenga iliyopasuka, kuandika upungufu kabla dereva hajaondoka, na kushusha upotevu kutoka mifuko kumi kwa mwezi hadi miwili, ndiyo kazi yenyewe ya afisa ugavi. Kinachopungua ni jina la kampuni kubwa juu yake.

Basi kwenye CV iandike kama kazi, juu ya fildi, kwa cheo cha kweli. Usijiite meneja. "Msaidizi wa ununuzi na stoo, duka la vifaa vya ujenzi, Mbagala" inatosha, ukitaja mwaka ulioanza na kwamba mwanzoni ilikuwa kazi ya muda. Chini yake mistari minne, kila mmoja na tarakimu: shehena ya wiki, upotevu kabla na baada, zabuni mbili na aina ya vifaa, idadi ya bidhaa unazozifuatilia kwenye daftari. Ongeza mstari wa usajili wako kwenye Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, PSPTB. Sheria Na. 23 ya mwaka 2007 inawataka wanaofanya kazi hii wawe wamesajiliwa, na mwajiri makini atakuuliza. Kama bado, anza sasa, ili siku hiyo useme maombi yamefika hatua gani.

Kurasa tatu ni nyingi kwa miaka yako. Ziwe mbili. Ondoa dini, hali ya ndoa, "napenda kusoma na kusafiri", na shule ya msingi. Kona ya juu kulia ya ukurasa wa kwanza iache nyeupe, kama sentimita tatu hivi. Sababu yake ni hii: CV zote za siku huingia boksi moja, na jioni zinafanana kama mifuko ya simenti. Afisa anayejua kazi yake huandika kwa kalamu, ungali umesimama mbele yake, neno moja pembeni: "stoo", "NeST", "aitwe". Isiyo na neno hubaki humohumo boksini. Mwaka jana uliwapa karatasi, hukuwapa neno la kuandika. Kwa hiyo sidhani kama ulikataliwa. Nadhani hukuonekana.

Hilo linanileta kwenye suti. Mama anatafuta sababu anayoweza kuitibu kwa mkono wake, na hilo ni pendo, lipokee kwa upole. Lakini watu wa mabandani wanaangalia usafi, nguo iliyopigwa pasi, na kama mtu bado anasimama vizuri baada ya kuwa miguuni kwa muda wa saa tatu. Sketi au suruali ya rangi nzito, blauzi isiyobana, na koti la mtumba likipunguzwa na fundi vinatosha. Viatu viwe ulivyokwisha kuvizoea, kwa maana sakafu ya vigae haina huruma na kiatu kipya. Mkopo wa kikoba una riba na una siku ya kurejesha. Mkae naye mpime kama ndio huo mnaouhitaji.

Sasa hesabu ya siku. Banda lenye foleni hukuchukua dakika 20 za kusubiri, tano za kuzungumza na tano za kuandika ulichoambiwa. Nusu saa. Kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana ni mabanda sita, na hayo sita ndiyo bora ya siku nzima. Asubuhi maafisa wana nguvu na wakubwa wao wapo. Saa saba wanapokezana kula, wenye maamuzi hutoweka. Kuanzia saa tisa wengine wanakunja mabango. Maana yake huhitaji kutwa. Unahitaji asubuhi, na uwe langoni saa mbili na nusu, maana foleni ya kujisajili na kuvaa beji inaweza kukula dakika 40. Kama kuna usajili wa mtandaoni, umalize siku kadhaa kabla na upige picha ya uthibitisho, mtandao wa ukumbini huelemewa.

Kati ya waajiri 38, futa wasio na stoo wala mzigo. Wengi wa watakaobaki watakuwa viwanda, makandarasi, wasafirishaji, mawakala wa kutoa mizigo bandarini, hospitali, na mashirika yanayosambaza dawa. Usifute benki na kampuni za simu kwa haraka, nazo zina vitengo vya manunuzi, ila uliza kwanza. Chagua sita na wawili wa akiba. Kila mmoja msome dakika 20: anatengeneza nini, ghala liko wapi, ametangaza nafasi gani karibuni. Anza na unayemtamani kidogo kuliko wote, ulimi upate moto. Wa pili na wa tatu ndio wawe wale wa moyoni mwako, kabla hujachoka.

Mbele ya meza una nusu dakika. Kitu kama hiki: "Naitwa fulani, ni mhitimu wa ununuzi na ugavi. Ninasimamia stoo ya duka la vifaa vya ujenzi, napokea tani 30 za simenti kila wiki, na nimeshiriki zabuni mbili kupitia NeST upande wa mzabuni. Nimeona ghala lenu la Kurasini linapokea malighafi kwa meli. Ningependa kujua nani hupokea mzigo pale na anatakiwa awe na nini." Badili ghala kulingana na banda. Jirekodi kwa simu mara tano, kisha tano nyingine kwa Kiingereza, kwa sababu maafisa wengi huanza kwa Kiswahili na kugeuza katikati ili wakupime. Neno litakalokukwama usiku nyumbani ndilo litakalokukwama pale.

Angalia pia unaongea na nani. Mabanda mengine yana vijana waliokodiwa siku moja kugawa vipeperushi. Hao ni watu wazuri lakini hawana jibu. Waulize kwa heshima kama yupo mtu wa rasilimali watu au wa manunuzi na atarudi saa ngapi, kisha uende banda lingine.

Maswali yako yawe yale ambayo tovuti haijibu. Wahitimu mnawachukua kuanzia mwezi gani? Nafasi ya stoo mnaitangaza nje au mnapandisha wa ndani? Wanaoshindwa miezi mitatu ya kwanza huwa wameshindwa nini? Hili la mwisho mara nyingi humfanya afisa aweke kalamu chini na kuongea. Mshahara usiuanze wewe.

Kuhusu 3.1, usiifiche na usiitangulize. Ni daraja la pili la chini, na baadhi ya programu za wahitimu huweka mstari kwenye 3.5. Fomu ya mtandaoni huuliza namba hiyo mapema na kukutoa. Binadamu aliye mezani huanza na "unafanya nini kwa sasa?" Hiyo ndiyo faida kubwa ya maonesho kwa mtu mwenye alama zako. Ukishaeleza ya stoo, uliza wazi: "GPA yangu ni 3.1. Je, kuna njia ya kuingia kwenu, au nisipoteze muda wenu?" Wengine watasema hakuna. Umeokoa maombi matano. Wengine watakuelekeza kwenye nafasi za kawaida zisizo na mstari huo.

Chapa CV 12, mbili kwa kila banda kati ya yale sita, uziweke kwenye folda ngumu. Faili lenyewe liwe PDF kwenye simu, lenye jina lako kamili, lisiitwe "CV mpya kabisa 2". Wengi siku hizi wanakupa msimbo wa QR uskani na kujaza palepale, kwa hiyo nenda na bando, chaji iliyojaa na namba yako ya NIDA. Ukikuta banda la Sekretarieti ya Ajira, usipoteze karatasi: ajira za serikali huombwa kupitia Ajira Portal. Pale uliza kuhusu akaunti yako na vyeti vilivyogoma kupanda. Ukikuta TaESA, huduma ya ajira ya serikali, uliza mafunzo ya uzoefu wa kazi kwa wahitimu. Na yeyote atakayekupigia baadaye akitaka "pesa ya fomu" kwa simu, hata akilijua jina lako lote, kata.

Ukitoka kila banda, sogea ukutani uandike kabla ya kwenda lingine: jina, cheo, alichosema, nini kinafuata. Ukiahirisha mpaka kwenye daladala, majina yatachanganyika. Ijumaa asubuhi tuma barua pepe fupi kwa kila aliyekupa anwani, ukitaja jambo moja mliloongea, CV ikiwa imeambatishwa. Mistari mitano. Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya siku kumi, basi.

Tuje kwenye kamba yenyewe.

Unaweza kusema unaumwa, kama alivyokushauri rafiki yako. Itakupa siku nzima bila maelezo. Lakini Mbagala ina macho, na picha za maonesho hutembea kwenye magrupu ya WhatsApp kabla ya magharibi. Tena mwajiri akivutiwa atataka mdhamini, na mdhamini wako mkubwa ni mjomba. Atajibu nini simu ikilia kutoka kwa mtu asiyemjua, akiuliza habari za kazi ambayo hakujua unaitafuta?

Unaweza kubaki na kuhesabu simenti. Maonesho si mlango pekee. Ukiwa na CV mpya unaweza kuwaandikia waajiri walewale sita na ukafika. Utakosa ile nusu dakika ya uso kwa uso, ambayo kwa 3.1 ina uzito wake. Nawe jiulize: ukibaki, utakuwa umebaki kwa kupenda, au kwa kuogopa kuuliza?

Unaweza kuomba asubuhi tu. Lori huingia saa ngapi? Hukusema. Kama ni mchana, huenda hakuna mgongano kabisa, ila kutoka Mlimani hadi Mbagala saa sita na foleni za Dar usijidanganye kwa chini ya saa moja na nusu. Kama ni alfajiri, je, kuna mtu unayeweza kumfundisha lile daftari la safu tatu Alhamisi moja kabla? Ukisimamia tawi la Chamazi utahitaji mtu huyo hata hivyo. Hatari ya njia hii ni kwamba ikitokea mifuko mitano imepotea siku hiyo, utajisikia na hatia hata kama hukukosea.

Na Chamazi. Umeliona kama kamba shingoni, na huenda ndivyo. Lakini mwaka mmoja wa kusimamia tawi, kuagiza, kulipa na kufunga hesabu, ni CV ambayo wahitimu wengi wa 4.0 hawana. Upande wa pili, programu nyingi za wahitimu huwataka waliomaliza karibuni, na mwaka ukipita mlango huo hufinyika. Halafu mshahara: mjomba alitaja kiasi cha kusimamia tawi, au ni 250,000 ileile? Kuuliza hilo si kukosa shukrani. Na umewahi kujiuliza kama unataka ajira yenyewe, au unataka tu kuweza kusema mbele ya wenzako wa darasani kwamba umeajiriwa? Mimi sina jibu lako. Yote mawili ni ya kibinadamu, ila yanakupeleka njia tofauti.

Umedhani kwamba kuomba ruhusa ni kumwambia mjomba duka lake halikutoshi. Hajasema hivyo bado, ni wewe uliyemsemea. Wapo wajomba wanaosomesha mtoto ununuzi na ugavi wakijua fika kwamba siku moja atakwenda kununulia watu wengine. Wapo pia wasiojua. Wako ni yupi, wewe unamfahamu kuliko mimi.

Ila kumbuka, ile CV mpya huwezi kuiandika kwa siri. Upotevu kabla na baada, zabuni mbili, mifuko 600 kwa wiki, hizo ni hesabu za biashara yake, na hazitoki nje bila idhini yake. Kwa vyovyote utahitaji kumwambia, "Mjomba, naomba niandike kazi ninayofanya hapa, na wakinipigia uwe mdhamini wangu." Ukifika hapo, Alhamisi na Chamazi zitakuja zenyewe mezani. Jioni mnapofunga hesabu, daftari likiwa bado wazi na wateja wameondoka, labda ndio wakati.